Ziwa likigeuka kijani: nani kamwaga, nani kaacha kula?

(Kwa mliokosa kufika: haya ndiyo niliyoongea pale mwaloni Mwanza mbele ya wavuvi, akina mama wa dagaa na walimu wa sekondari. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za projekta nimeziacha, na hata siku yenyewe umeme ulituaga mapema kwahiyo hamjakosa kitu.)

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu wa dagaa, poleni na jua. Walimu, vijana, asanteni kwa kuja.

Nianze na swali. Nani hapa hajawahi kuona maji ya kijani? Nyoosha mkono. Naona hakuna, hata mtoto yule pale nyuma hajanyoosha. Sote tunayajua, kunakuwa shwari siku mbili tatu hakuna upepo, asubuhi unashuka unakuta utando wa kijani umejazana ufukweni, unanuka, ukiuacha unakauka unakuwa kama umepakwa rangi kwenye mawe. Sawa. Sasa ukiuliza ni kosa la nani kila mtu ana mtu wake wa kumlaumu. Wavuvi wanasema viwanda. Wa viwandani wanasema wakulima. Wakulima wanasema mji na vyoo vyake. Na kuna wazee wanasema ni sangara, tangu sangara aletwe ziwa limeharibika. Nani mkweli?

Mimi nasema jamani, kabla hujamtafuta mkosaji jiulize maswali mawili. La kwanza, nani anamlisha huyu mwani, yaani huo utando wa kijani? La pili, nani alikuwa anamla, na amekwenda wapi? Anayemlisha na anayemla. Kila ziwa la kina kifupi duniani, rangi yake imeamuliwa na hao wawili, na ugomvi wote wa wataalamu kwa miaka hamsini sitini iliyopita ulikuwa ni yupi kati yao mwenye nguvu zaidi.

Na nasema kina kifupi kwa makusudi. Ziwa Victoria kwa wastani lina mita 40, lakini wewe huishi katikati ya ziwa, unaishi kwenye ghuba. Na ghuba zetu ni fupi kwa kina, upepo ukivuma tope la chini linapanda juu, mwenye nyavu anajua, unavuta nyavu imejaa tope. Hilo tope tutalirudia.

Tuanze na anayemlisha. Niwapeleke Kanada kidogo, nisameheni kwa safari ndefu. Miaka ya 1960 huko Marekani na Kanada maziwa yalikuwa yanageuka kijani na kukatokea ubishi mkali. Wengine wakasema tatizo ni fosforasi inayotoka kwenye sabuni za kufulia na maji taka. Wenye viwanda vya sabuni, mnaweza kukisia, wakasema hapana hapana, siyo fosforasi, labda ni kaboni, labda ni naitrojeni, tusubiri kwanza. Basi kuna mtafiti anaitwa David Schindler na wenzake, walikuwa wamepewa maziwa madogo madogo porini huko Ontario wayafanyie majaribio, maziwa mazima siyo ndoo, yaani ziwa zima unaambiwa haya fanya utakalo. Wakachagua moja limebanwa katikati, halina hata jina wanaliita namba 226, mwaka 1973 wakaliwekea pazia la plastiki pale lilipobanwa, kutoka juu mpaka chini kwenye tope. Upande mmoja wakamwaga kaboni na naitrojeni. Upande wa pili kaboni, naitrojeni na fosforasi. Tofauti ni kitu kimoja tu. Ziwa moja, mvua moja, jua moja.

Mnadhani ikawaje? Upande uliopewa fosforasi ukageuka kijani kabisa. Upande wa pili ukabaki kama kawaida yake. Wakapiga picha kutoka kwenye ndege, na ile picha ilimaliza ubishi kuliko karatasi zote walizowahi kuandika, maana hata mbunge asiyejua kemia aliiona akaelewa. Sabuni zikapunguzwa fosforasi.

Kwanini hasa fosforasi? Sikilizeni vizuri hapa maana ndipo penye siri. Mwani unataka naitrojeni pia, tena nyingi kuliko fosforasi. Lakini kuna aina ya mwani, huu wa kijani-bluu unaonuka, wataalamu wanauita sayanobakteria, baadhi yao wanajua kuchukua naitrojeni kutoka hewani wenyewe. Hewa yote hii tunayovuta sehemu kubwa ni naitrojeni. Kwahiyo ukiwabania naitrojeni na fosforasi ikabaki kibao umewapa nafasi hao hao wabaya, wenzao wanakwama wao wanaendelea. Fosforasi haina mchezo huo. Lazima itoke mahali. Inatoka kwenye udongo, kinyesi, sabuni, mbolea, majivu.

Majivu? Ndiyo, majivu. Hili linawashangaza wengi. Utafiti uliochapishwa 2005, uliofanyika upande wetu huu wa Tanzania, ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia Ziwa Victoria inashuka kutoka hewani. Vumbi la mashamba yaliyo wazi, moshi wa nyika na mabua yanayochomwa kila kiangazi. Mtu yuko Shinyanga huko anachoma shamba, hajawahi kuiona hata ngalawa, na yeye anailisha ghuba yako. Simlaumu, hajui, nani alimwambia?

Haya, tumwache anayelisha. Twende kwa anayekula.

Wengi wenu hapa mmekulia na ng'ombe. Nikiuliza kwanini malisho haya yana nyasi fupi na yale yana nyasi ndefu hutaniambia mvua peke yake, utaniuliza kwanza kuna ng'ombe wangapi. Na ziwani kuna malisho na kuna mifugo, ila mifugo wake wengi hauwaoni kwa macho. Kuna vijidudu vinaitwa dafnia na jamaa zake, vinachuja maji mchana na usiku vinakula mwani. Kuna konokono. Kuna furu, wale samaki wadogo wadogo. Kuna ngege na sato. Na mnajua ng'ombe anavyokula, anakula majani mazuri anaacha yale yenye miiba na machungu, mwisho malisho yanabaki miiba mitupu. Basi na vijidudu hivyo hivyo, vinakula mwani laini, hizi nyuzi ndefu za kijani-bluu na yale mabonge yake vinayaacha. Na kitu cha tatu, ng'ombe akila haondoki na mbolea, anaiacha palepale. Kumbukeni hicho.

Wazungu wa Ulaya walilijua hili la walaji wakasema basi tutumie akili. Kule kwao kuna samaki wanaokula dafnia. Ukitoa hao samaki dafnia zitaongezeka, zitakula mwani, maji yatatakata. Hesabu rahisi. Na inafanya kazi! Uholanzi kuna kidimbwi kidogo cha kuogelea kinaitwa Zwemlust, kama hekta moja na nusu, kina chake mita moja na nusu hivi, kilikuwa kijani kabisa. Mwaka 1987 wakakikausha kwa pampu, wakatoa samaki wote, wakaacha maji yajae tena, wakaweka wachache wa kuchagua na samaki mla samaki awadhibiti wadogo. Kiangazi kilekile maji yakawa meupe unaona mpaka chini. Dafnia zikafanya kazi yake. Mimea ya chini ikaota, na mimea ikishaota inashika tope lisitibuke na inanyang'anyana mbolea na mwani. Watu wakaogelea. Wataalamu wakaandika makala za furaha.

Halafu? Baada ya miaka kama sita kikarudi kijani.

Kwanini? Kwa sababu mbolea ilikuwa bado inaingia kama zamani, hilo hawakuligusa. Na walikuja walaji wengine ambao hawakuwa kwenye hesabu. Ndege wa majini, hawa wanafanana na kuku weusi, walikuja makundi kwa makundi wakala ile mimea. Na samaki waliowekwa wenyewe wakaanza kula mimea. Mimea ikapungua, mwani ukapata nafasi. Umeona? Mla mwani anasafisha ziwa, mla mimea anachafua ziwa. Wote ni walaji. Kwahiyo mtu akija akikwambia "tuongeze walaji" muulize kwanza, mlaji wa nini baba?

Majirani zetu wa Ziwa Naivasha, Kenya, waliipata hiyo. Mwaka 1970 wakaletewa kamba wa mtoni wa Marekani, yule mwekundu wa Louisiana, ili wavue wauze. Akazaliana, akala mimea ya chini ya maji karibu yote. Ziwa lina kina kifupi, mbolea ya mashamba inazidi mwaka hadi mwaka, na ile mimea iliyokuwa inashika tope imeliwa. Sina haja ya kuwaambia rangi ya maji ikawaje.

Sasa mtasema sawa, Zwemlust ni Ulaya, sisi je? Tutoe samaki hapa? Nani atakubali! Ukimwambia mama huyu tunatoa dagaa wote ziwani ili maji yatakate atakupiga na beseni, na atakuwa na haki. Lakini hata tungekubali isingefanya kazi, nawaambia kweli. Huku kwetu hakuna baridi. Ulaya samaki wanazaa msimu mmoja, dafnia zinapata miezi ya kupumua. Huku samaki wadogo wapo mwaka mzima, dafnia kubwa haikui hata wiki imeshaliwa, zinabaki ndogo ndogo zisizo na nguvu ya kuchuja. Kwahiyo walaji wetu wa maana huku kwenye joto ni samaki wenyewe.

Na hapa nataka kuwapeleka Uganda, Ziwa George, ziwa ninalolipenda kuliko yote ingawa halina sifa. Limekaa juu ya mstari wa ikweta kabisa, kilomita za mraba kama 250, na kina chake cha wastani ni mita 2.4. Ukisimama mtu mrefu na mtoto begani mtoto anaona nje. Kila mchana maji ya juu yanapata joto, kila usiku yanachanganyika mpaka chini, hivyo hivyo kila siku ya Mungu. Na ni kijani. Siyo msimu, ni kijani mwaka mzima, na sehemu kubwa ni huyo huyo mwani wa kijani-bluu. Miaka ya 1960 mwishoni ikaja timu ya watafiti wakakaa pale miaka kadhaa wakilichunguza, na swali lao kubwa likawa, hivi sato wa hapa anakula nini? Maana tumbo limejaa mwani wa kijani-bluu, na vitabu vilisema ule mwani samaki hawezi kuusaga, unaingia unatoka.

Mmoja wao, Moriarty, akafanya kitu ambacho mvuvi yeyote angekifanya. Akapasua matumbo. Asubuhi, mchana, jioni, akapima tindikali. Akakuta sato anapoanza kula alfajiri tumbo bado halijawasha moto, mwani wa kwanza unapita unatoka kijani vilevile kama ulivyoingia. Lakini kadiri anavyoendelea kula tindikali inapanda, ikifika mchana ni kali kuliko ya limau, mwani unapasuka, unabadilika rangi unakuwa kahawia, anausaga. Kwahiyo sato anaweza. Sato anakula kile ambacho wengine wameshindwa.

Sasa swali la mtego. Ziwa limejaa sato na furu wanaokula mwani. Kwanini bado ni kijani?

Mnakumbuka ng'ombe na mbolea yake? Ndiyo hiyo. Samaki anakula mwani, anatoa kinyesi na mkojo palepale, maji ni mita mbili na nusu, mbolea haina pa kwenda, kesho mwani umeota tena. Walipopiga hesabu Ziwa George wakakuta sehemu kubwa ya chakula cha mwani inatokana na kinachotolewa na walaji wenyewe. Mlaji anapunguza mwani kwa mdomo anauongeza kwa nyuma. Mmecheka, lakini hiyo ndiyo sayansi yenyewe, na ndiyo maana mimi nasema katika maziwa yetu haya ya joto na kina kifupi mlaji peke yake hawezi kushinda mbolea. Anabadilisha aina ya mwani, anaharakisha mzunguko, lakini idadi ya fosforasi ni ileile. Ikishamwagwa ziwani, hakuna wa kuila ikaisha.

Haya turudi nyumbani, turudi kwa sangara maana najua wazee wananisubiri hapo.

Zamani ghuba hii ilijaa furu. Wazee mnawakumbuka, aina mamia, wengine wanakula konokono, wengine wadudu, na kundi kubwa sana walikuwa wanakula mwani na masalia yake kwenye tope. Watafiti wa Kiholanzi walikuwa hapa hapa Mwanza tangu 1977 wanawahesabu, bahati nzuri, maana waliwahesabu kabla hawajaisha. Sangara aliwekwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akakaa kimya, halafu miaka ya 1980 akalipuka. Furu wakaliwa, aina nyingi hatujaziona tena. Na miaka ile ile maji yakazidi kuwa kijani, diatomu zilizokuwa nyingi zamani, ule mwani mzuri ambao ngege aliupenda, zikapungua sayanobakteria wakatawala. Kwahiyo mtu akaunganisha: sangara kala furu, furu ndio walikuwa wanakula mwani, basi sangara ndiye mkosaji. Inaingia akilini. Hata mimi nikiisikia kijiweni naitikia.

Lakini tope linasema vingine. Si niliwaambia tutalirudia tope? Tope la chini ya ziwa linajipanga mwaka juu ya mwaka, na watafiti wakilitoboa kwa bomba wanapata historia. Wakalitoboa Ziwa Victoria, matokeo yakatoka 2002, wakakuta mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930. Sangara hajazaliwa huku! Na ongezeko lile linakwenda sambamba na watu kuongezeka na mashamba kupanuka kandokando ya ziwa. Mbolea iliingia kwanza, polepole, miaka hamsini. Diatomu zinataka silika, madini kama ya mchanga na kioo, kujengea maganda yake, fosforasi ilipozidi zikaota nyingi zikazama na silika yao mpaka silika ikapungua ziwani, zikakwama, mlango ukabaki wazi kwa wale wa kijani-bluu. Sangara alikuja kukuta nyumba imeshaanza kuungua. Alichangia? Inawezekana sana. Alianzisha? Hapana. Na ninasema hivi siyo kumtetea sangara, mmiliki wa kiwanda asije akaninukuu vibaya, nasema hivi kwa sababu ukimlaumu sangara peke yake utakaa unasubiri furu warudi ndio maji yatakate, na wakati huo huo choo chako kinatiririka ziwani.

Na kabla hamjanirukia, ndiyo, hata wanyama wa porini wanaleta mbolea. Mto Mara unaokuja kumwaga maji kule Musoma una viboko kama 4,000 upande wa juu. Wanakula nyasi usiku nchi kavu, mchana wanarudi majini wanaachia. Watafiti walikadiria karibu tani 36 kila siku. Tani 36! Wakati mwingine mabwawa yao yanaishiwa oksijeni kabisa, mvua kubwa ikiyasomba samaki huko chini wanakufa. Lakini kiboko yupo tangu enzi na enzi na kati yake na ziwa kuna kinamasi kikubwa cha mafunjo kinachochuja. Tatizo ni sisi tuliofyeka mafunjo.

Sasa tufanye nini? Mimi siyo mwanasiasa, nasema ninachokijua. Mafunjo na matete yaliyobaki yasiguswe, hiyo ndiyo chujio pekee ya bure tuliyonayo. Kulima mpaka ukingoni mwa mto kuachwe. Vyoo, hapo sina haja ya kuongeza. Mabua yasichomwe, yaachwe yaoze shambani. Na hata tukifanya yote haya kesho asubuhi, jueni ghuba haitatakata kesho kutwa, kwa sababu tope limeshiba fosforasi na kila upepo unairudisha juu. Ni miaka. Anayewaahidi msimu mmoja anawauzia kitu.

Na afya. Ule utando wa kijani unaweza kuwa na sumu ya ini. Kuchemsha maji hakuiondoi sumu hiyo, narudia mama zangu, kuchemsha hakuiondoi. Kunaua vijidudu vya kuhara lakini sumu inabaki. Ukiona utando usichote hapo, nenda mbali nao au chota maji ya kisima. Watoto wasiogelee, mbwa na ng'ombe wasinywe.

Kijana mmoja aliuliza swali zuri mwishoni, naliweka hapa maana wengi mnalifikiria. Akasema, mtaalamu, mimi nataka kuweka vizimba vya sato, si umesema sato anakula mwani? Si nitakuwa nasafisha ziwa? Mdogo wangu, sato wa kizimbani hali mwani, anakula pumba za mfukoni unazomwagia wewe, na kila mfuko una fosforasi ndani yake. Kinachobaki na kinachotoka kwa nyuma kinaanguka chini ya kizimba. Sikukatazi, vizimba ni riziki. Ila nilimuuliza, hapo unapotaka kuweka kina ni mita ngapi? Akasema nne, tano. Maji yanatembea? Akasema hapana ndio maana nimepachagua, pametulia. Nikamwambia hapo ndipo pabaya kuliko pote. Nenda kwenye maji marefu yanayotembea, hata kama mafuta ya boti yataongezeka.

Kitu cha mwisho ni kwa walimu. Miaka ya 1920 na 1930 waliokuja kupima ziwa hili walizamisha sahani nyeupe wakaiona mpaka mita 5, mpaka 8. Miaka ya 1990 ikawa 3 na chini ya hapo. Nataka tuwe na vipimo vyetu wenyewe. Mfuniko wa ndoo, upana sentimita 20, gawa mara nne, paka robo mbili nyeupe mbili nyeusi, funga jiwe chini, kamba yenye fundo kila sentimita 10. Shusha mchana upande wenye kivuli cha mtumbwi mpaka usiione, soma fundo, andika tarehe. Mara moja kwa wiki, mahali palepale, wanafunzi wawili na mvuvi mmoja mwenye boya za kuwavalisha watoto. Shule ambazo hazijaniachia majina mnitumie, mifuniko ninayo tayari, rangi na kamba mtanunua wenyewe.